Njia ya Mkato Tumboni mwa Bi Hawa

Nyie mnaoingia wodini leo na glavu zenu za kutupa, mniwie radhi nikianza na woga. Najua chuoni mmefundishwa kumwambia mgonjwa "usiogope." Mie pia nilifundishwa hivyo. Nililisema neno hilo miaka kumi na ushei bila kulifikiria, kama mtu anavyosema "karibu" huku mdomo umejaa ugali. Halafu akaja Bi Hawa, nikaogopa mpaka vidole vikawa havishiki bomba la sindano.

Siku hizi mtu kupasuliwa ili apungue unene ni jambo la hapa hapa mjini. Wanapitisha vyuma kwenye vitundu vidogo, kesho yake mgonjwa anatembea. Juzi binti wa jirani yangu hapa Tegeta, aliyepasuliwa hivyo, alikuja kuniuliza kwa nini akimeza matonge matatu jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio. Nikamwambia ale polepole, asinywe maji katikati ya chakula, na arudi kwa daktari wake, asinitegemee mie kizee. Akaniuliza, "Kwani bibi, enzi zenu mlikuwa nayo haya?" Nikamjibu tulikuwa nayo mara moja, na mara hiyo moja ilitosha.

Nilikuwa nesi katika zahanati ya Temeke, yenye vyumba vinne, bati juu na foleni nje kuanzia alfajiri. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, sukari ilikuwa ya kupanga mstari na unga ulikuwa ule wa njano tuliouita yanga. Mkuu wetu alikuwa mganga msaidizi, Mzee Kalinga, mtu wa Njombe, mwembamba kama ufito, asiyecheka. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye ndoo za wagonjwa, akaziinamia, kisha akaniambia, "Bibiana, uso wa mgonjwa ni muungwana, utakudanganya. Choo hakina adabu. Kitazame hicho kwanza." Nilidhani ananitania. Mpaka leo sijapata somo lililonifaa zaidi.

Bi Hawa, jina lake kamili Mwanahawa, alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda kimoja cha nguo. Alikuwa mnene, mnene kweli, na alikuwa wa kwanza kujitania. Akiingia zahanati alipita mlangoni kwa ubavu, huku anasema, "Serikali imejenga mlango wa panya." Nyuma ya utani huo kulikuwa na maumivu. Magoti yalimkataa, pumzi ilimkatika akitoka jikoni hadi barazani, na kusujudu alikuwa hawezi tena, aliswali ameketi kwenye kiti. Hilo la sala ndilo lililomliza.

Alikuwa na mdogo wake, Salumu, aliyelowea Ulaya na kuoa nesi wa huko. Salumu akaandika kwamba katika hospitali ya mkewe kuna madaktari wanaounganisha utumbo upya, mtu akapungua bila kujinyima. Bi Hawa akaja kutuaga. Mzee Kalinga alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, mie sijawahi kuuona upasuaji huo. Siwezi kukuambia nenda, wala usiende." Akaenda.

Alirudi baada ya miezi sita, na sikumtambua. Mwanamke alisimama mlangoni ameshika mkono wa bintiye, gauni limemning'inia, ngozi ya mikono imelegea kama soksi iliyochoka.

"Shikamoo, Bi Hawa," nilisema alipobisha hodi nikamtambua kwa sauti.

"Marahaba mwanangu. Mlango wenu mmeupanua?" Akajaribu kucheka. Kisha akaninong'oneza, "Naomba choo. Upesi."

Mambo yalikuwa hivi. Wale madaktari hawakukata mfuko wa chakula. Walichukua mwanzo wa utumbo mwembamba wakauunganisha karibu na mwisho wake, na sehemu kubwa ya katikati ikaachwa pembeni kama mtaa uliofungwa barabara. Chakula kilipita njia ya mkato. Kilikuwa hakikai ndani kiasi cha mwili kukifaidi. Alikula, akakimbilia chooni, akala tena, akakimbia tena, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku.

Alikuja na barua ya kurasa mbili kutoka kwa daktari wake, kwa lugha ya huko. Hakuna kati yetu aliyeijua. Nikaitia kwenye faili lake, nikasema nitatafuta wa kuisoma. Hapo mkumbuke jina langu, kwa sababu wiki tano zilipita na barua ile imekaa humo. Kila siku kulikuwa na watoto wa surua, akina mama wa uchungu, chanjo. Ndani ya moyo wangu nilijisemea pia: barua itaniambia nini? Mgonjwa anaharisha, amekonda, alishwe. Kulisha mtu nakujua.

Ikawa kila nikitoka kazini napita kwake, nyumba ya vyumba sita ambayo choo kilikuwa mwisho wa uwanja. Tatizo la kwanza lilikuwa umbali huo. Bintiye Tatu, msichana mtulivu aliyefanya kazi kiwanda kile kile, alikwenda Keko kwa fundi wa samani, wakatengeneza kiti cha mninga chenye tundu na ndoo chini yake. Fundi aliuliza kiti cha nini, Tatu akamwambia ni cha kuoteshea maua. Tuliweka majivu ndani ya ndoo kukata harufu. Vidonda vya kukaa sana chooni tulivitibu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu na mafuta ya mgando. Haya ndiyo yanayomfanya mgonjwa aone aibu kuliko mshono wenyewe, na msipoyauliza nyie hatayasema.

Mwezi ule ule kipindupindu kikaingia mjini. Mnajua mtaa unavyokuwa ukisikia kuna mtu anaharisha. Asubuhi moja nilikuta watu wamejaa uwanjani kwa Bi Hawa, chokaa imemwagwa kutoka mlangoni kwake hadi chooni, na balozi wa nyumba kumi amesimama mbele na kofia mkononi.

"Nesi, mie simfukuzi," alisema. "Watu wana hofu. Wanataka apelekwe kambi ya wagonjwa."

"Huyu hana kipindupindu. Amepasuliwa."

"Amepasuliwa miezi mingapi iliyopita? Mbona bado?" aliuliza mwanamke mmoja, mtoto mgongoni.

Sampuli yake tulikuwa tumeipeleka maabara siku mbili kabla na majibu hayajarudi. Ndani nilimsikia Bi Hawa akilia taratibu, kilio cha mtu asiyetaka kusikika. Nikaingia, nikachukua kikombe chake cha bati chenye maji nusu aliyoyabakiza, nikatoka nacho, nikayanywa yote mbele yao. Balozi akavaa kofia. Wakaondoka mmoja mmoja.

Mnaniona shujaa? Nilipomsimulia Mzee Kalinga alinitazama kama aliyemeza mwiba. "Na angekuwa nacho? Ungetuletea zahanati nzima." Siku mbili za kungoja majibu nililisikiliza tumbo langu kila likinguruma. Nilimwangalia mwanangu mdogo akicheza nikakataa kumbeba. Majibu yaliporudi safi niliketi kwenye benchi la wagonjwa. Msifanye kama mie. Subirini maabara, na watu waelezeni kwa maneno.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe.

Mie ni mtu wa Masasi. Kwetu mtu akidhoofu anapewa mboga ya karanga. Nilimwagiza Tatu apike mchicha kila siku, autie karanga za kusaga na tui zito la kwanza, na chai ya rangi iliyokolea baada ya chakula kumchangamsha. Tatu alitii kila neno. Alipanga foleni ya karanga kama wenzake wanavyopanga foleni ya sukari. Bi Hawa alikuwa anakiogopa chakula, akikitazama kijiko kama kisu, lakini alikula kwa ajili yetu. Mie nilisimama pale nikasema, "Kijiko kingine, Bi Hawa. Kingine kimoja tu."

Wiki ya tano alishikwa na maumivu ya kiuno akaanguka sakafuni. Nilimkuta anajiviringisha, meno yameuma kanga. Mkojo wake ulikuwa na damu. Kesho yake miguu ikamlegea, akawa hawezi kuinua kikombe, na nilipomshika mapigo ya moyo niliyahisi yanaruka: moja, mbili, kisha hakuna, kisha mawili kwa pamoja. Nilishika mkono ule nikahesabu upya, nikahesabu tena. Kila lilipokosekana pigo nilingoja, na mie pumzi nimeizuia.

"Vipi, mwanangu?" aliniuliza.

"Usiogope, Bi Hawa," nilisema. Sauti ilinitoka nyembamba.

Mzee Kalinga alipofika alimwekea dripu, kisha akauliza, "Barua yake imesemaje?" Nikainama kurekebisha mpira wa dripu. Akauliza mara ya pili. Nilipomwambia, hakunigombeza. Alikwenda mwenyewe ofisini, akaitoa kwenye faili, akanikabidhi. "Parokiani kuna padri mzee, Mzungu. Nenda sasa hivi."

Padri yule alivaa miwani, akaisoma polepole akiitia kwenye Kiswahili chake cha mahubiri. Asipewe mboga za majani zenye asidi ya kufanya mawe, wala karanga, wala chai nyingi. Mafuta yapunguzwe sana. Anywe maji mengi. Apewe maziwa pamoja na chakula. Damu yake ipimwe kila mwezi, kwa maana madini yanayouendesha moyo hutoka pamoja na choo. Maumivu ya kiuno ni dalili ya mawe kwenye figo. Na macho yakigeuka manjano, utumbo urudishwe ulivyokuwa bila kuchelewa.

Kila sentensi ilinigonga. Mchicha, karanga, tui, chai. Hakuna nilichokosa. Kama ningetaka kumuua kwa makusudi nisingeweza kupanga chakula kizuri zaidi.

Nilirudi nikamwambia Tatu. Alikuwa anatwanga karanga za jioni. Aliacha mchi ndani ya kinu, akanitazama, akasema, "Mie nilidhani nampa uhai." Nilimwomba radhi, kisha nikaenda kumwomba mama yake. Bi Hawa alifumba macho, akasema, "Basi kesho nini? Maana kula lazima nile." Hilo ndilo lililoniokoa, kwamba kulikuwa na kazi ya kesho.

Tukaanza upya. Tulifuata madafu Mbagala, kwa sababu Mzee Kalinga alijua yana yale madini ya moyo. Ndizi mbivu, nusu kwa mara moja. Supu ya samaki iliyoenguliwa mafuta yote. Wali laini uliotiwa chumvi. Maziwa yalikuwa shida, tukapata ya unga kwa cheti cha zahanati. Alikula kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo cha udongo, mara nane kwa siku, na maji alikunywa saa moja baadaye. Tatu aliandika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Jiwe likatoka, kwa mateso ambayo sitawasimulia. Moyo ukatulia. Choo kikapungua mpaka mara tano. Miezi mitatu tulipumua.

Kisha asubuhi moja, uwanjani, jua likimpiga usoni, nikaona macho yake yana umanjano.

Tatu aliona nimeona. Tukatoka nje ya ua, tukakubaliana apelekwe hospitali kubwa siku ile ile.

Daktari wa upasuaji wa hospitali kubwa, Mtanzania, kijana bado, alisema wazi: ini linachoka, utumbo urudishwe. Alazwe wiki mbili ajazwe nguvu kwanza. Lakini alisema pia kwamba hajawahi kufanya kazi hiyo, ameisoma tu, na kwa hali ya mgonjwa anaweza asitoke mezani.

Bi Hawa akakataa.

"Nilikwenda mbali nikapasuliwa," alisema akiwa kitandani, "nikaharisha mbele ya mtaa, nikamwagiwa chokaa mlangoni. Leo nirudishwe niwe kama zamani? Watu watasema nini? Mwacheni Mungu afanye."

Nilijaribu maneno yote ya chuoni. Nilimwambia daktari ni hodari, atapona, asiogope. Aligeukia ukuta. Siku ya tatu nilikuja, nikakaa kwenye kitanda chake, jambo lililokatazwa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bi Hawa, mie naogopa."

Akageuka. "Unaogopa nini wewe?"

"Naogopa utakufa. Naogopa nimekuua mie kwa mchicha. Nikilala naota nakushika mkono natafuta mapigo siyapati. Kila siku nakuambia usiogope, na mie mwenyewe natetemeka."

Macho yale ya manjano yakajaa machozi. "Mwaka mzima," alisema, "kila mtu akiingia ananiambia nisiogope. Salumu, Tatu, wewe, daktari. Nikajiona mie ndiye mwoga peke yangu, nyie wote mna mioyo ya chuma. Nikawa naona haya hata kuuliza." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Nikifa mezani, nitasikia?"

"Hutasikia. Utakuwa usingizini."

"Na nikiamka?"

"Utakuwa na mpira puani na kiu kali, na hatutakupa maji. Mshono utauma ukikohoa. Utatuchukia."

"Na unene utarudi?"

"Utarudi. Si wote, lakini utarudi."

Nje muuza magazeti alikuwa anapita akiita. Bi Hawa akavuta shuka, akasema, "Mwambie yule kijana wa kisu aje. Na wewe uwe mlangoni."

Nilikuwa mlangoni, kwa ruhusa ya wiki nzima niliyopewa na Mzee Kalinga. Mie na Tatu tulikaa kwenye ngazi za ukumbi wa upasuaji kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Tatu alishona na kufumua upindo ule ule wa kitambaa, mara tatu. Kila mlango ulipofunguka tulisimama. Daktari alipotoka hatimaye alikuwa amelowa jasho mpaka kiunoni, akasema, "Nimeunganisha. Sasa tusubiri ukubali."

Anayesubiriwa baada ya hapo, wanangu, mnamjua: ni ushuzi. Utumbo uliounganishwa ukikaa kimya, ni hatari. Ukitoa upepo, njia imefunguka. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya, tumbo likaanza kuvimba, na daktari akawa anakuja kila saa na kile chombo chake cha kusikilizia. Ya tatu alisimama muda mrefu, akakunja uso, akasema tukingoja mpaka kesho mchana itabidi afungue tena. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye chumba cha mashuka nikalia.

Asubuhi ya siku ya nne nilikuwa namgeuza ubavu nimpake poda mgongoni, wodi nzima kimya, wakati wa dua ya wagonjwa Wakristo, wote wameinamisha vichwa. Bi Hawa akatoa mmoja, mrefu, wa kupanda na kushuka. Aliyekuwa anaongoza sala akanyamaza. Kisha Tatu akaanza kucheka, nami nikacheka, na bibi mmoja wa kitanda cha jirani akasema "Amina," wodi ikalipuka. Bi Hawa alishika mshono wake kwa mikono miwili akilia na kucheka, anaomba tuache, tutamuua.

Macho yalirudi meupe baada ya miezi miwili. Unene ulirudi pia, kama nilivyomwambia, ila alijua kuusimamia: aliendelea na kikombe cha kahawa, na jioni alitembea na Tatu mpaka Chang'ombe na kurudi. Magoti hayakupona kamwe. Mtaani wapo waliomcheka. Alilia mara moja mbele yangu kwa ajili yao, mara hiyo tu.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa wodi ya upasuaji ya hospitali ile. Tulimpata kuli wa bandarini, jitu la miraba minne, aliyekatwa sehemu ya tumbo kwa vidonda. Mshono ulipona vizuri, lakini alikataa kula. Kila tulipomletea uji alisema ameshiba. Alikuwa anakauka mbele ya macho yetu, na alisema hana tatizo lolote. Nikatuma mtu kwa Bi Hawa.

Alikuja Jumamosi, anahema, akaburuta stuli akaketi karibu na kitanda. Mie nilisimama pembeni nimeshika bakuli.

"Shikamoo, mama," alisema yule mtu.

"Marahaba. Wananiambia huli. Unaogopa?"

"Aka, mama. Mwanamume mzima?"

"Basi mie niliogopa," alisema Bi Hawa. "Niliogopa kijiko. Niliogopa choo kuliko kaburi. Nilikuwa sivui kandambili mchana kutwa, hata kitandani, maana sikujua saa ngapi nitakimbia. Siku moja nilikimbia nikaiacha moja njiani, jirani akaniletea, akanikuta nimekaa kule mlango wazi, akanipa kandambili yangu, akaniuliza habari za asubuhi."

Yule mtu akaanza kutikisika. Alishika tumbo, akasema, "Mama, mshono," na akaendelea kucheka mpaka machozi. Alipotulia aliangalia mikono yake mikubwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikimeza nahisi kama kitapasuka."

"Ndiyo. Unahisi hivyo," Bi Hawa alimwambia. "Vijiko viwili, halafu tunakaa. Mie siendi popote."

Akaninyooshea mkono bila kugeuka. Nikampa bakuli, nikaenda kwa wagonjwa wengine.